Fimbo za Bwana Hoza na Msumeno wa Mzee Kaniki

Ni mimi niliyezikata fimbo za gofu za Bwana Hoza. Nimelikana jambo hili kwa karibu miaka ishirini. Nimelikana mbele ya wachezaji wenzake, mbele ya daktari mkuu wa hospitali, na mara moja mbele ya mchungaji, ingawa yeye aliuliza kwa utani. Baya zaidi, nimewafundisha ninyi, vijana mliopita mikononi mwangu katika chumba cha mazoezi, kwamba mgongo wa Bwana Hoza, bwana misitu wa Magamba, ulipona kwa mazoezi ya nyonga peke yake. Wengine mliandika hivyo kwenye mitihani nami nikawawekea vema nyekundu. Mazoezi yalikuwepo, sikatai. Lakini kulikuwa na msumeno pia, na kuhusu msumeno sikuwahi kusema neno.

Sasa nimestaafu. Nimerudisha koti jeupe, funguo na kipima-pembe cha plastiki ambacho tarakimu zake zilikwisha kufutika, na nimeona ni vizuri niwaachie mambo kama yalivyokuwa.

Nilianza kazi Lushoto miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu ng'ambo, nina shahada ya tiba ya viungo, viatu vya ngozi vya visigino, na lafudhi ya Kiswahili iliyomfanya mama yangu mzazi aniulize kama nina jino bovu. Hospitali haikujua inifanyie nini. Walinipa chumba kilichokuwa stoo ya mablanketi, kitanda kimoja cha mbao, taa ya joto iliyowaka ilipotaka, na kibao mlangoni kilichoandikwa VIUNGO. Wiki ya kwanza alikuja mama mmoja wa Kibondei aliyekuwa anatafuta kununua iliki kwa jumla. Nilimweleza. Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye visigino, akasema, "Kumbe umesoma miaka yote hiyo ili ukande watu?" Tangu siku hiyo nikaitwa Mama Viungo, na jina likanishika.

Wagonjwa wangu wengi walikuwa wakulima, na magonjwa yao mengi yalikuwa ya mgongo. Mnayajua mashamba yetu: mtu akidondosha kiazi juu, anakwenda kukiokota kwa jirani bondeni. Niliwalaza, nikawapima, nikawapa joto na mazoezi kama kitabu kilivyosema, wakapona. Baada ya wiki tatu wakarudi. Niliwalaza tena. Nilijaza madaftari mawili kwa maandishi mazuri kuhusu misuli ya mgongo wa Msambaa, na misuli yenyewe haikuyasoma.

Aliyenitoa gizani alikuwa Mzee Kaniki, fundi seremala aliyekuwa na kibanda mkabala na soko. Nilimfuata anichongee magongo ya kutembelea. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye kofia iliyokuwa nyeupe zamani, na alikuwa na tabia ya kukuangalia miguu kabla ya uso. Nilimkuta anamtilia mama mmoja mpini wa jembe. Hakuchukua futi. Alimwambia yule mama asimame wima, aachie mikono ilegee, kisha akapima kwa ufito kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka chini. Halafu akamwambia, "Sasa simama kama uko shambani kwako," na yule mama akatanguliza mguu mmoja juu ya jiwe, kwa kuwa shamba lake halikuwa na mahali pa tambarare. Kaniki akapima tena.

"Mzee, kwani huna urefu mmoja wa mipini?" nilimuuliza.

"Kwani ninyi hospitali mna urefu mmoja wa watu?"

Kisha akanionyesha jembe la zamani la yule mama. Ncha moja ya bamba ilikuwa imelika kama biskuti, ya pili ilikuwa nzima. "Jembe linasema lenyewe," akasema. "Huyu alikuwa analimia mpini wa marehemu mumewe. Mumewe alikuwa mrefu. Kwa hiyo bamba linagusa upande mmoja, naye anajipinda ili aliweke sawa. Mgongo lazima umuume. Anatibiwa wapi?"

Alikuwa anatibiwa kwangu.

Kuanzia hapo nikaweka sharti: mgonjwa wa mgongo aje na jembe lake. Siku ya kwanza mlinzi wa lango aliona watu kumi na wanne wanapanda kilima wakiwa na majembe mabegani, akafunga lango na kukimbia kumwita daktari mkuu akidhani kijiji kimekuja kudai kitu. Lakini migongo ilianza kupona, na ikapona kabisa. Ninyi mlionifuata mmelirithi sharti lile, nami naomba msiliache hata mkiletewa mashine za namna gani.

Mngetegemea basi kwamba mtu aliyejifunza hayo, akiletewa mgonjwa mwingine anayezungusha kitu chenye mpini, angeuliza juu ya mpini. Subirini.

Bwana Hoza alikuja kwangu mwaka uliofuata Azimio la Arusha. Alikuwa bwana misitu pale Magamba, mtu wa zaidi ya miaka hamsini, mfupi, mpana, mwenye mikono kama mashina ya mkaratusi. Msitu ule aliujua mti kwa mti. Watu walisema angeweza kuuangalia mtarakwa au msonobari akakwambia utatoa mbao ngapi, na ukiukata usipate hata moja ya ziada. Sasa mgongo ulikuwa umemshika upande wa kushoto, chini, kiasi kwamba akipanda mteremko alilazimika kusimama kila hatua ishirini na kujifanya anatazama ndege. Alinipa barua aliyotoka nayo kwa wakubwa wake mkoani. Ilikuwa fupi: bwana misitu asiyeweza kupanda mlima hawezi kuwa bwana misitu wa Magamba. Baada ya masika angepimwa na daktari Tanga. Asipofaulu, angepewa meza mjini hukohuko mpaka siku ya kustaafu.

"Tanga," alisema, akikunja barua. "Daktari, umewahi kulala Tanga mwezi wa pili?"

"Nimewahi."

"Basi unajua. Na meza! Mimi meza naijua ikiwa bado mti."

Nilimlaza kifudifudi, nikamkunja magoti, nikaachia nyayo zianguke nje nikipima nyonga zinageuka kiasi gani. Nyonga zilikuwa za kijana. Nikampima mabega, kiuno, urefu wa miguu yote miwili. Vyote sawa. Alipoinama, vidole viligusa sakafu. Nilimwandikia joto, mazoezi, na kupumzika. Mwezi ukapita. Kila Ijumaa alikuwa nafuu, kila Jumatatu alikuwa hoi. Nikaanza kumshuku mke wake, kisha kitanda chake, kisha dini, kwa maana katikati kulikuwa na Jumapili na mabenchi ya kanisa.

Haikuwa Jumapili. Ilikuwa Jumamosi.

Wazungu walipoondoka walikuwa wametuachia uwanja wa gofu wa mashimo tisa. Baada ya Azimio, manne yalilimwa maharage na kabichi za ushirika, na hakuna aliyelalamika isipokuwa watu sita waliokuwa wakicheza: karani wa posta, mwalimu mkuu mmoja, wengine watatu wa maofisini, na Bwana Hoza, ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wao. Mchezo ulikuwa na harufu ya ubepari, kwa hiyo wao waliuita mazoezi ya wafanyakazi. Walizunguka mashimo matano yaliyobaki mara mbili, la mwisho wakalikwepa raundi ya pili, ili hesabu ya tisa isiharibike.

Jumamosi moja nilipanda huko bila taarifa. Nilimkuta amesimama kando ya njia na mfuko wa ngozi begani.

"Shikamoo, Bwana Hoza."

"Marahaba, daktari. Nilikuwa napita tu."

"Unapita na mfuko wa fimbo?"

"Nauanika jua."

"Na kiatu hicho cha misumari?"

Akatazama kiatu kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza. Nikamwambia aendelee, kwa kuwa nimekuja kuona na si kukamata. Akaweka mpira, akajiweka sawa, na mimi nikaona jambo ambalo sitalisahau. Mtu yule mwenye nyonga za kijana alisimama kama amefungwa banzi kiunoni. Kisigino cha kushoto alikiinua, bega la kushoto akalipandisha, kiuno akakikaza, na alipopiga alijisokota kuanzia mbavu kwenda juu, kama mtu anayechungulia nyuma yake kwenye mlango mwembamba. Mpira uliruka vizuri, ukakata kushoto, ukaingia kwenye kabichi.

Sauti ya mama ikatoka bondeni. Alikuwa Mama Zaina, mwenye zamu ya shamba siku hiyo.

"Hoza! Umeniulia kabichi tena!"

"Pole, mama! Ni upepo!"

"Upepo gani unaojua shamba langu tu?"

Waliobaki wakapiga, mmoja baada ya mwingine. Wote sita waliinua kisigino cha kushoto. Wote walikaza kiuno. Mipira yote ilikwenda kushoto. Nilimuuliza mwalimu mkuu kwa nini wanasimama vile, akanijibu kwa upole, kama anamjibu mtoto wa darasa la kwanza, "Mama Viungo, ndivyo gofu inavyopigwa."

Nilimkataza Hoza kucheza. Aliahidi. Jumatatu alikuja hoi, na udongo wa shamba la kabichi ukiwa kwenye misumari ya kiatu.

Nilimsimulia Mzee Kaniki siku hiyo, nikiwa kibandani kwake nasubiri magongo. Nilisimama katikati ya mbao nikamwigizia: kisigino juu, bega juu, kiuno kama nguzo. Kaniki aliacha kupiga randa.

"Huyo uliyemwigiza si Hoza," akasema. "Huyo ni Bwana Mrefu."

Bwana Mrefu ndilo jina walilompa mkuu wa misitu wa Kizungu aliyekuwepo kabla ya Uhuru, mtu aliyelazimika kuinama ili apite mlango wa kanisa. Kaniki alimchongea bakora. Alimpima mwenyewe, na alikumbuka vizuri: mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, na nyonga ya upande huo ilikuwa haigeuki kabisa, kwa kuwa alipigwa risasi vitani. Ndiyo maana aliinua kisigino. Ndiyo maana alijisokota juu, maana chini palikuwa pamekufa. Na yeye ndiye mtu pekee ambaye Hoza na wenzake walimwona akicheza, miaka yote waliyokuwa wakimbebea mfuko. Kwa hiyo walijifunza kwa makini, kama wanafunzi wazuri. Walijifunza gofu pamoja na ulemavu wake.

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya magogo. Kaniki hakucheka. Aliuliza, "Na anapigia fimbo za nani?"

Hapo kicheko kilinikatika. Fimbo zilikuwa za Bwana Mrefu. Kila mtu alijua hivyo. Alimkabidhi Hoza siku ya kuondoka, mfuko mzima wa fimbo saba za mipini ya mbao, ambazo yeye naye alizirithi kwa baba yake. Majembe ya wilaya nzima nilikuwa nimeyapima. Fimbo zile sikuzipima, kwa kuwa zilitoka Ulaya, nami pia nilitoka Ulaya, na haikunijia kwamba kitu kilichotoka huko kinaweza kumkosea mtu kipimo.

Jumatatu iliyofuata nilimwambia Hoza aje na mfuko. Nilimwita Kaniki pia. Hoza alizitoa fimbo moja moja, akazilaza juu ya taulo. Kaniki hakugusa kitu. Aliinama tu akatazama vichwa vya chuma upande wa chini.

"Mgosi," alimwambia Hoza, akimwita bwana kwa Kisambaa, "ona hapa. Kisiginoni pamelika, na ncha ni mpya kama imetoka dukani jana. Mpini ni mrefu kwako, kwa hiyo ncha inaelea hewani. Ndiyo maana mpira unakimbilia kushoto."

"Kaniki, wewe umecheza gofu lini?"

"Sijacheza. Nimeona majembe."

Nikampima Hoza kutoka kifundo cha mkono mpaka sakafuni, akiwa na viatu, kisha nikamweleza taratibu. Tungefanya mambo mawili. La kwanza, angejifunza kupiga kwa kutumia nyonga zake mwenyewe, zilizo nzima, badala ya nyonga ya mtu aliyepigwa risasi. La pili, tungepunguza mipini inchi mbili na ushee, asiendelee kujipinda kuifuata. Mgongo ungepata nafuu kabla ya masika kwisha, na daktari wa Tanga angekosa la kusema.

La kwanza alilikubali, ingawa kwa huzuni. La pili hakutaka kulisikia.

"Fimbo si ndefu," alisema. "Mimi ndiye mfupi."

"Lakini huwezi kuongezwa, Bwana Hoza."

"Daktari. Babako akikuachia Biblia yake, utaichana kurasa kwa sababu ni nzito?"

"Haiumizi mgongo, Biblia."

"Inategemea unavyoisoma." Alianza kuzirudisha mfukoni. "Yule mzee alinishika mkono pale stesheni Mombo. Akaniambia, usiziuze, usizipake rangi, usizikate. Nikaapa. Wosia ni wosia. Kama ni kwenda Tanga, nitakwenda Tanga. Nitanunua feni."

Kaniki alimtazama mtu yule kwa heshima mpya, nami nikamtazama kwa hasira. Masika yalikuwa yamebakiza wiki sita. Tulianza mazoezi ya nyonga: alilala chali magoti yakiwa juu, akayapeleka kushoto na kulia, alisimama akiwa ameegemea ukuta, akageuza kiuno huku mabega yametulia, alizungusha mpini wa ufagio mbele ya kioo cha chumba changu mpaka akaacha kuinua kisigino. Kwa ufagio alikuwa mzuri ajabu, kwa sababu ufagio ulikuwa mfupi. Akirudi kwenye fimbo za Bwana Mrefu, mwili ulikuwa unajikunja wenyewe kutafuta mpira, na bega lilipanda. Wiki mbili zikapita. Maumivu yalipungua nusu, yakagoma hapo.

Kisha siku moja ya Jumatatu, baada ya mazoezi, Hoza akasimama mlangoni na kusema, "Daktari, mfuko huu nauacha kwako mpaka Ijumaa. Mvua itaniharibia ngozi yake njiani."

Nilitazama dirishani. Jua lilikuwa linawaka mpaka bati la jikoni linalia. Lakini nilikuwa na wagonjwa sita nje na sikuwa na muda wa kufikiri juu ya hali ya hewa. Akaning'iniza mfuko kwenye msumari, akaondoka zake.

Niliutazama mfuko ule siku mbili. Nawaambia ukweli, nilikuwa na mabishano makubwa na nafsi yangu, na nafsi ilishindwa Jumatano asubuhi. Nilikwenda kwa Kaniki.

"Mzee, mtu akiapa kwamba hatakata kitu, kisha kikakatwa na mtu mwingine, kiapo kimevunjika?"

Kaniki alikuna kidevu. "Hilo ni la mashehe. Mimi najua mbao." Akachukua msumeno mdogo, wa meno ya karibu karibu, akaufunga kwenye gazeti kama samaki.

Tulifunga mlango wa chumba changu saa nne asubuhi na kutundika kibao cha MGONJWA YUMO. Kaniki alifungua ngozi ya mshikio wa fimbo ya kwanza polepole, tabaka kwa tabaka, akihesabu mizunguko ili airudishe vilevile. Kwenye kila mshikio kulikuwa na mstari mdogo wa chaki, karibu na pale alipopanga kukata. Aliutazama kidogo, akaufuta kwa kidole gumba, akasema, "Zimechafuka." Kisha akazungushia plasta pale pa kukata ili ubao usichanike, mimi nikashika kichwa cha fimbo, naye akakata inchi mbili na nusu. Muuguzi akagonga mlango.

"Mama Viungo, mnafanya nini humo?"

"Tunarekebisha magongo!"

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na kama mnavyoona ulikuwa karibu sana na kweli, ndiyo maana nikauzoea. Fimbo saba zilituchukua mpaka adhuhuri. Kaniki alipiga msasa, akazungusha ngozi upya, akapaka nta ya nyuki, na vipande saba akavitia mfukoni mwake. Viwili nilikuja kuviona baadaye vikiwa vishikio vya patasi zake. Tukazirudisha fimbo mfukoni zikiwa zimesimama juu ya mablanketi mawili niliyosokomeza chini, ili zichungulie juu kama zamani. Nilijiona mjanja kupita kiasi kwa mablanketi yale.

Ijumaa Hoza alikuja. Aliuteremsha mfuko, akaupima uzito kwa mkono. Akatoa fimbo moja, akaishika, akasimama nayo katikati ya chumba. Nilikuwa nimegeukia dirisha na nilikuwa nahesabu mabati ya jikoni.

"Umezifuta vumbi," alisema.

"Kidogo tu."

"Ahsante." Akaondoka.

Jumamosi nilipanda uwanjani. Hoza aliweka mpira. Kisigino kilikaa chini. Bega likatulia. Nyonga zikageuka kama mlango uliotiwa mafuta, na mpira ukaenda moja kwa moja, mbali, ukatua katikati ya majani mahali ambapo hakuna mchezaji wa Lushoto aliyewahi kuufikisha tangu bendera ibadilike. Kisha sauti ya Mama Zaina ikatoka bondeni.

"Hoza! Leo unaumwa?"

Wiki nne baadaye alikwenda Tanga. Daktari alimwinamisha, akamgeuza, akampandisha ngazi za jengo la ghorofa mara tatu, na mwishowe, kama Hoza alivyonisimulia, ni daktari aliyeomba wapumzike. Alirudi na basi la asubuhi na alikuja kwangu kabla hajafika nyumbani, akiwa na chungwa moja la Muheza mkononi kama zawadi. Mengine alikuwa ameyala njiani kwa furaha. Alibaki bwana misitu wa Magamba mpaka siku yake ya kustaafu, akipanda milima bila kutazama ndege.

Watu waliuliza, bila shaka. Karani wa posta alidai fimbo zimesinyaa. Mwalimu mkuu alisema mbao husinyaa zikikaa karibu na taa ya joto, na nikamuunga mkono kisayansi. Mmoja akaniuliza uso kwa uso kama nimezikata, nikaapa kwamba mimi sijui hata msumeno unashikwaje, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa kuwa aliyeushika ni Kaniki. Hoza mwenyewe hakuuliza. Kila mahali alisema, "Ni mazoezi ya Mama Viungo." Alisema hivyo kanisani, alisema hivyo kwenye mkutano wa kata. Sifa ilikuwa tamu. Nikaanza kuifundisha. Mwanafunzi wa kwanza alipoiandika daftarini nilitaka kuifuta. Kufikia mwanafunzi wa kumi, mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuamini.

Lakini kila nilipomwona Hoza akipita sokoni na mfuko ule begani, akiulinda kama mtoto mchanga, niliona mtu aliyetunza wosia mpaka tone la mwisho, na asiyejua kwamba mimi nilikwisha kumvunjia. Hilo ndilo lililonizuia kuandika habari hizi mapema. Mzee Kaniki alikwisha kufariki, Mungu amrehemu. Nilibaki peke yangu na siri. Na nilijua siwezi kuwaeleza ninyi ukweli kabla sijamweleza mwenyewe.

Bwana Hoza sasa anaishi Muheza, kwa binti yake mwenye duka lililo na simu. Wiki iliyopita nilikwenda posta, nikamwomba opareta aniunganishe. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, kama mwanafunzi. Baada ya nusu saa ya kelele za nyaya, nikasikia sauti yake.

"Shikamoo, Bwana Hoza. Ni Mama Viungo."

"Marahaba, mwanangu! Joto la huku! Bora ungeniua."

"Bwana Hoza, nina jambo la kukuungamia. Ni kuhusu zile fimbo."

"Ehe."

"Hazikusinyaa. Tulizikata. Mimi na Mzee Kaniki."

Niligeuza karatasi nisome mstari uliofuata.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimepima miti kwa macho miaka thelathini na zaidi. Ulifikiri sitaona fimbo zangu zimesimama juu ya mablanketi ya hospitali?"

"Ulijua? Tangu lini?"

"Tangu kabla. Niliapa mimi sitazikata, na sikuzikata. Kwani nilikuwa nauacha mfuko ule kwa nani siku zote? Mke wangu mwenyewe alikuwa haruhusiwi kuugusa. Nikaja kuuacha kwako, jua linawaka, nikisema mvua! Nikasema huyu amesoma, ataelewa."

"Sikuelewa."

"Najua. Siku mbili Kaniki alikuwa ananiambia, bado hajaja. Tulikaribia kukuandikia barua."

Nilikaa kwenye kiti cha posta. Karatasi yangu ya maungamo niliikunja nikaitia mfukoni.

"Kwa hiyo Kaniki pia..."

"Tulicheka naye mpaka mwaka aliofariki. Kila ulipokana, alikuja kunisimulia."

"Dakika moja imebaki," opareta akaingilia, kwa sauti ya mtu aliyekuwa anasikiliza tangu mwanzo.

"Bwana Hoza, haraka, nataka kuwaandikia vijana wangu habari hizi. Unaniruhusu?"

"Andika. Andika yote. Ila uandike na kosa lenu."

"Kosa gani?"

"Bwana misitu mti wa kukatwa anautia alama. Niliwawekea chaki kwenye inchi mbili, fimbo zote saba, mstari ulionyooka. Na ninyi mkakata mbili na nusu! Miaka yote hii, mwanangu, nachezea fimbo fupi."